Sauti ya Mkuu wa Nyota Zote

Kama kuna kitu ambacho ningependa kukizika kwa jembe langu mwenyewe, pale nyuma ya migomba, ni ile muvi. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Kwa miaka kumi na moja imenifuata kila ninakokwenda. Nikikaa saluni kunyolewa, ipo kwenye skrini. Nikipanda bodaboda kutoka Ndama kwenda Kayanga, dereva akinitambua anaanza kunikariria maneno yake huku amegeuza shingo, barabara ameisahau. Muvi za anga za kweli, zile zilizotengenezwa na watu wenye akili zao, zimekuja na kupita, na hakuna anayezikumbuka. Hii ya kipuuzi inayozidhihaki haifi. Na kila inapochezwa namsikia kaka yangu, ambaye niliacha kuongea naye kwa sababu ya muvi hiyo.

Nieleze ilivyokuwa, maana wengi wanaijua nusu, na nusu yenyewe ni ile inayoniaibisha.

Mimi na kaka, aliyenitangulia miaka miwili, tulikuwa tukitafsiri muvi za nje kwa Kiswahili. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama. Ukutani tuliegemeza magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na maiki yetu ilivaa soksi. Kwa kawaida dijei anayetafsiri muvi hufanya yote peke yake: yeye ndiye mwanamume, yeye ndiye mwanamke, yeye ndiye mbwa. Sisi tulikuwa wawili, na tulijivunia hilo. Mimi ndiye niliyejua Kiingereza, au niseme ndiye niliyeaminika kukijua, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na kaka aliishia darasa la saba. Yeye alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti nzito, iliyotulia, isiyo na haraka. Alipokuwa akisoma neno kanisani, hata wale wazee wanaosinzia tangu wimbo wa kwanza walifumbua macho. Nilizoea kuwaambia watu kwamba katika kazi yetu mimi ni akili, yeye ni koo. Nilisema hivyo mbele yake, naye alikuwa akicheka tu.

Muvi hiyo ilitufikia kwenye flashi, haina jalada wala maelezo, imechanganyika na nyingine ishirini za ngumi na mapenzi. Nilipoifungua na kuona nyota na vyombo vikielea, moyo uliniruka. Tangu shuleni nilikuwa mtu wa mambo hayo. Nilikuwa nimechoka kutafsiri watu wanaopigana mateke sokoni. Nilitaka watu wa Karagwe waone binadamu atakavyokuwa siku zijazo, na nilitaka waione kupitia kwangu. Nilimwambia kaka kwamba hii tutaifanya taratibu na kwa heshima zote.

Kisa chake ni hiki. Kuna mzee anaitwa Mkuu wa Nyota Zote, ana joho refu linalobebwa na watu wanne. Ana mtambo wa kulipua dunia nzima kwa mara moja. Kapteni mmoja kijana anakuja kumzuia. Milango ya chombo cha Mkuu inajifunga yenyewe, na kila ikijifunga inabana joho, na yeye anarudishwa nyuma kwa shingo. Siku ya kuwasha mtambo, ufunguo haupo. Aliyeushika ametoka, hajulikani alikokwenda, na karibu muvi nzima ni kumtafuta.

Wewe unayesoma umeshajua hii ni muvi ya aina gani. Mimi sikujua. Wiki tatu nilikaa na kamusi mapajani, na sikujua. Joho lilipobanwa mlangoni niliandika pembeni ya karatasi kwamba hii ni ishara ya watawala wanaofungwa na fahari zao. Ufunguo ulipokosekana nilishika roho. Kuna roboti anayeogopa giza, na mimi nilimwonea huruma kabisa.

Kaka alipokuwa akirekodi sauti ya Mkuu, nilimsimamisha mara nyingi. Mimi niliandika, "Mlinzi wa ufunguo hayupo mahali pake." Yeye akaisema kama karani wa ofisi ya kata ambaye hanyanyui kichwa kukutazama: "Mwenye ufunguo hayupo. Ametoka kidogo." Nikamwambia arudie kwa uzito. Akarudia, vilevile, na ile "kidogo" akaivuta zaidi. Nilichoka nikaiacha.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya mimi, na nililifanya kwa dhati ya moyo. Kapteni anapofika mbele ya Mkuu, silaha mkononi, anamwambia maneno fulani ya Kiingereza ambayo sikuyaelewa. Nilitazama picha. Mkuu ana mvi kichwa kizima, kapteni hata ndevu hana. Nilivyolelewa mimi, kijana hamwendei mzee kwa maneno makavu, hata kama amekuja kumuua. Nikaandika, "Shikamoo." Nikaisema mwenyewe kwenye maiki, kwa sauti ya kapteni, kwa adabu. Kaka akaitikia marahaba, halafu bila karatasi yoyote akaendelea: "Huko kwenu mvua zinanyesha, mwanangu? Na migomba je, ule mnyauko umewaacha?" Nikazima mashine. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mzee akiamkiwa hawezi kuishia kwenye marahaba, lazima aulize habari za nyumbani. Nikaona ni kweli. Ikabaki.

Tuliionyesha Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, kwenye kibanda cha mama mmoja hapo Ndama. Kibanda chenyewe ni mabati na mabenchi, na siku hiyo watu walijaa hadi mlangoni. Mimi nilikaa mbele, nimevaa koti.

Joho lilipobanwa mara ya kwanza, walicheka. Nikafikiri ni ushamba. Likabanwa mara ya pili, wakacheka zaidi. Nikageuka nikaweka kidole mdomoni kama mwalimu. Ilipofika "mwenye ufunguo hayupo, ametoka kidogo," kibanda kilitikisika, maana hakuna hata mmoja mle ndani ambaye hakuwahi kuambiwa maneno hayo akiwa amefuata karatasi yake ofisini kwa miguu. Na ilipofika shikamoo, watu wawili walianguka kutoka kwenye benchi. Mzee mmoja alikuwa akijifuta machozi kwa kofia. Hapo nilishindwa. Nilisimama, nikachomoa waya kwenye soketi, picha ikakata. Nikawahutubia. Niliwaambia kwamba wenzetu huko nje wanafika kwenye nyota, na sisi huku tunacheka. Niliwaambia, na maneno haya nimerudishiwa na nusu ya wilaya tangu siku ile, "Kaeni kimya, hii ni sayansi."

Walinyamaza. Kwa muda mfupi walinyamaza kweli. Kisha kaka akaongea kutoka nyuma, polepole, kwa sauti yake ile ile ya kusoma neno.

"Mdogo wangu, kaa chini. Hii ni ya kuchekesha. Wameitengeneza hivyo makusudi."

Kicheko kilichofuata sitaki kukieleza. Nilitoka nje, kaka akanifuata. Nyuma yetu nilisikia mtu amechomeka waya na muvi inaendelea. Nikamuuliza kaka amejua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza, alipoona mlango wa kwanza. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unafurahi sana," akasema.

Leo nikiyafikiria maneno hayo nayasikia vingine. Siku ile niliyasikia kama dharau. Mtu wa darasa la saba ameniacha wiki tatu nzima nijidanganye, huku anacheka chini ya soksi ya maiki. Nilimwambia kwamba yeye ni koo tu, na makoo yamejaa sokoni, nikitaka jingine ninalipata Jumatatu. Nilisema mengine pia, kuhusu shule yake, mbele ya mkewe aliyekuwa ametufuata nje. Mwezi haukuisha akahamia Bugomora, upande wa wakwe zake, akapata kibanja akaanza kulima migomba na kahawa. Tukawa tunakutana misibani. Namwamkia, anaitikia, kila mmoja anaenda kukaa na watu wake. Mama alituita mara mbili tupatane, na mara zote mbili mimi ndiye ambaye sikwenda.

Muvi yenyewe niliapa haitatoka. Niliifungia kwenye kompyuta. Lakini kumbe siku ile kuna mtu alikuwa akirekodi kwa simu tangu mwanzo, skrini, watu, kila kitu. Hiyo ndiyo iliyosambaa. Kwa hiyo muvi inayopendwa Karagwe na Kyerwa si ile niliyoitafsiri. Ni muvi ya kudhihaki muvi za anga, iliyotafsiriwa na mtu asiyejua kuwa ni dhihaka, na katikati yake yumo mtu huyo huyo, amevaa koti, anachomoa waya na kuwafokea watu. Kichekesho kikubwa kuliko vyote mle ndani ni mimi. Nimeshaona hata mabibi harusi wakicheka hapo kuliko walivyomcheka Mkuu.

Nimejiuliza sana kwa nini haizeeki, tena nimejiuliza kwa hasira, maana ninaendesha duka la kuwawekea watu muvi kwenye flashi na ninajua kinachoombwa. Muvi za anga za kweli zinaoza haraka. Chombo kilichokushangaza mwaka huu, ukikiangalia baada ya miaka mitano unaona kama sufuria. Lakini hii ya dhihaka, vyombo vyake vilikuwa maboksi tangu mwanzo na walioyaunda hawakuficha. Boksi likishajulikana kuwa ni boksi, litachakaa vipi? Halafu zile za kweli zinakuahidi kwamba binadamu akifika kwenye nyota atakuwa msafi, mwenye busara, hakosei. Hakuna anayeamini hayo moyoni. Hii inakwambia kwamba hata huko juu kutakuwa na mkubwa aliyebanwa nguo na mlango, na ofisi ambayo mwenye ufunguo wake hayupo. Watu wanaona kwao. Nimeyakubali hayo kichwani, na bado yananiudhi.

Miaka mitatu iliyopita niliona imetosha. Nilikuwa nimepata maiki isiyohitaji soksi na kompyuta mpya, mafaili ya zamani nimeyahamishia humo. Nikaamua kuitafsiri upya, vizuri, kwa kujua sasa kuwa ni ya kuchekesha, na sauti zote nizifanye mwenyewe. Nilitaka kumwondoa kaka humo. Nilitaka nikikaa saluni nisisikie mtu anayeniambia nikae chini.

Sauti za kaka zilikuwa kwenye mafaili yake peke yake, jinsi tulivyokuwa tukirekodi: yeye tu, safi, hakuna muziki, hakuna milipuko. Yalikuwa mafaili arobaini na kitu. Zilikuwamo hata zile anazokohoa, anazouliza kama mashine imewaka, anazoniambia nipunguze ukali nikampatie chai. Nilizifuta moja moja. Ningeweza kuzifuta zote kwa mara moja, lakini nilitaka niisikie kila moja kidogo, kisha niiondoe. Nilipomaliza nikafungua lile pipa la taka la kwenye kompyuta nikalimwaga. Nilijisikia vizuri, sitadanganya.

Toleo langu jipya lilikataliwa siku ile ile niliyolitoa. Mama wa kibanda aliangalia dakika kumi akaniuliza kwa upole iko wapi ile yenyewe. Wateja walinirudishia flashi zangu. Kijana wa saluni alisema hii imepigwa pasi. Kila mmoja alitaka ile ya kelele, ile ya kibandani, ile yenye mimi na kaka. Niliwaona hawana shukrani.

Mwaka huu nilimpeleka mama hospitali ya Nyakahanga kuangaliwa presha. Tukiwa tumekaa kwenye benchi tunasubiri, nikamwona shemeji, mke wa kaka, amebeba mtoto mchanga wa kike mgongoni. Aliniamkia, akamwamkia mama, kisha akaniomba tusogee pembeni. Akaniambia kaka aliugua koo. Alikuwa amewakataza wasituambie, mimi na mama. Alipelekwa hospitali kubwa ya mbali, na ili apone ilibidi waondoe kile kinachotoa sauti. Amepona, anakula, shambani anakwenda. Lakini kuongea ndiyo basi.

Shemeji akaendelea. Akasema kaka ana ombi moja kwangu, aliliandika kwenye karatasi, na yeye amekaa nalo wiki mbili akitafuta pa kuniona. Anaziomba zile sauti zake za Mkuu. Si muvi, muvi wanayo kwenye simu kama watu wote. Anakumbuka kwamba zamani nilikuwa nikizitunza zikiwa safi, za kwake peke yake. Mtoto huyu amezaliwa baada ya koo kutolewa, hajawahi kumsikia baba yake.

Nilimwambia nitazitafuta.

Nilizitafuta kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokitupa mwenyewe akijua alikitupa wapi. Kompyuta ya zamani nilikuwa nimeshaiuza vipande. Nilimpelekea fundi mmoja Kayanga ile mpya, akahangaika nayo siku mbili akaniambia hakuna kilichobaki. Ikabidi niende kwa watu wale wale. Nilianzia kwa mama wa kibanda, nikaenda saluni, nikasimama kijiweni kwa madereva wa bodaboda nikiwaomba wanionyeshe simu zao, mmoja mmoja, kila mmoja na nakala yake. Wote walinicheka, na wote walinipa. Hakuna hata aliyeniuliza ninaitakia nini, walidhani hatimaye nimekubali yaishe.

Nakala zote zilikuwa ile moja, zingine zimechakaa zaidi. Nikakaa nayo chumbani siku tano. Kila Mkuu anapofungua mdomo, watu wanacheka juu yake. Nilijaribu programu za kutenganisha sauti. Nikiondoa kicheko, sauti ya kaka inaondoka nayo, kinachobaki ni kama mtu anaongea ndani ya debe. Nilitukana ile kompyuta, niliwatukana wachekaji wote wa Ndama waliokuwamo kibandani siku ile. Sehemu iliyokuwa safi, bila muziki wala kelele, ilikuwa moja tu: pale nilipochomoa waya, na kaka akaniambia nikae. Sekunde sita. Ndizo nilizoziweka kwenye flashi, pamoja na muvi nzima kama ilivyo.

Nilikwenda Bugomora asubuhi. Kaka alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka, amejifunga kitambaa shingoni. Nilimwamkia. Aliinua mkono, akanishika bega, akaniashiria kigoda. Amekonda, lakini ni yeye. Shemeji alileta ndizi na maharage, tukala. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi: mimi nasema, yeye anaandika kwenye daftari dogo la shule kwa kalamu anayoichomeka mfukoni mwa shati. Aliuliza habari za mama, na migomba yake. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, sikuwa nimewahi kuujua.

Nikachomeka flashi kwenye redio yao. Aliisikiliza ile sehemu ya sekunde sita, akaomba irudiwe, mtoto akiwa mapajani mwake. Tuliirudia labda mara saba. Mtoto aligeuza kichwa kuitafuta sauti kwenye redio, akaacha, akaanza kuvuta kitambaa cha baba yake. Kaka alicheka. Mabega yanatikisika, mdomo umefunguka, lakini hakitoki kitu.

Kisha akachukua daftari akaandika: "Zile safi ziko wapi?"

Nikamwambia hazipo. Akaandika: "Kompyuta iliharibika?"

Alikuwa ananifungulia mlango nipite, nami niliuona uko wazi. Shemeji alikuwa amesimama pale, mtoto anacheza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana, kaka," nikasema. "Nilizifuta mimi."

Akaandika: "Zote?"

"Zote. Moja moja."

Alikaa ameishika kalamu juu ya karatasi. Nilisubiri aandike, chochote, hata tusi. Kisha akafunga daftari, akachomeka kalamu mfukoni mwa shati, akainuka kwenda kugeuza kahawa.